Nilivyofunga Baiskeli ya Umeme kwenye Benchi la Wazee

Baiskeli yenyewe inaitwa ya milimani, na sisi Tabora milima hatuna. Tuna mchanga, na ukishapiga pedeli kwenye mchanga wetu utaelewa kwa nini mtu aliamua kuitia baiskeli betri. Ililetwa na msafiri aliyejipa kazi ya kufuata njia ya misafara ya zamani, Bagamoyo mpaka Ujiji. Wale wa zamani walipita hapa kwa miguu, mizigo kichwani. Yeye alifika amekaa, malaria ikamlaza, akaona historia imemtosha. Mjomba wangu, anayeuza asali ya Ipole, akainunua kabla jamaa hajapanda treni ya kurudi.

Mjomba aliiendesha kidogo, mgongo ukamgomea.

"Mpwa wangu," akaniambia, "kutoka hapa Itetemia mpaka shuleni kwako Cheyo unafika umeshazeeka. Iendee shule. Ila siku ikipotea, au hata ikivunjika kitu, namuuzia yule jamaa wa sokoni anayeiulizia, na wewe unarudi kwenye miguu yako."

Nikajifunza umiliki kwa haraka. Ukitoka juani usichomeke chaja papo hapo, iache betri ipoe. Usichaji watu wakiwa wamelala. Usiioshe kwa mpira wa maji kama gari la harusi. Kitambaa chenye unyevu kinatosha. Na ilale ndani. Yetu ililala sebuleni, jambo ambalo Bibi hakulipenda.

"Mume wangu," ananiita hivyo tangu nizaliwe, "mke mwenzangu huyu ndiyo umeamua kumlaza sebuleni?"

"Huyu hana maneno mengi, Bibi."

"Subiri akuzoee."

Mjomba akamwita wakala wa bima, mama mmoja wa mtaani kwetu. Mimi nilidhani bima unalipa halafu unalala usingizi. Kumbe ina masharti kuliko mama mkwe. Mama yule aliipindua baiskeli, akapiga picha namba iliyochongwa chini ya fremu, akataka na risiti ya mjomba.

"Unaiazimisha?" akaniuliza.

"Hapana, mama." Bibi akakohoa. Mtaani kwetu nani hajawahi kuazima baiskeli?

"Kuanzia leo iwe hapana ya kweli. Ukimpa mwingine ikaibwa, hatulipi. Ukibeba abiria kwa nauli, hatulipi. Ukiiacha mahali, chomoa betri uondoke nayo. Kufuli lipite kwenye fremu, sio kwenye tairi tu. Tairi linatoka hivi." Akalichomoa la mbele tukiwa tunamwangalia. "Na uifunge kwenye kitu kisichohamishika."

Yote niliyashika vizuri, isipokuwa hilo la mwisho.

Shuleni mwalimu wa nidhamu alinipokea getini.

"Pikipiki haziruhusiwi."

"Ni baiskeli, mwalimu."

"Ina betri?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Toa pikipiki yako nje."

Nje ya shule kuna baraza la kahawa. Wazee wa pale, mafundi cherehani na wafanyabiashara waliowaachia watoto maduka, wanakaa kwenye benchi moja refu la mninga. Tangu naanza darasa la kwanza sijawahi kuliona likiwa tupu. Nikajiuliza, kisichohamishika zaidi ya hawa kiko wapi?

"Shikamooni."

"Marahaba, mume mwenzetu. Huo mnyororo unamfunga nani?"

"Baiskeli, babu. Nyie ndio uzito."

"Haya, tumepata ajira," akasema mwingine, akasogeza mguu nipitishe mnyororo.

Ikaenda vizuri mpaka Ijumaa. Ijumaa sisi Waislamu tunaruhusiwa kwenda kuswali. Nikaingia msikitini na begi langu lenye betri, nikakaa safu ya nyuma, nikatazama migongo iliyo mbele yangu. Nikaitambua mmoja mmoja. Benchi zima lilikuwa msikitini. Swala yangu ya siku ile sijui iliishia wapi.

Tulipotoka, barazani palibaki jiko la kahawa tu. Mimi nilililia baiskeli, wazee walililia benchi lao. Mama muuza karanga wa ng'ambo ya barabara alikuwa ameona kila kitu.

"Walipita vijana wawili wamebeba benchi, baiskeli juu yake. Nikawapa pole."

"Pole ya nini?"

"Ya msiba! Benchi likitembea mchana linakwenda wapi? Kuna kaka hata kawasaidia kulivusha mtaro."

"Na baiskeli je?"

"Nikajua ya marehemu."

Basi tukaufuata msiba. Kila tuliyemuuliza alituonyesha njia na kutupa pole, na wazee kwa adabu zao waliitikia kila pole. Tuliwakuta wezi nyuma ya mashine ya kusaga, wanakata mguu wa benchi kwa msumeno. Baiskeli ile bila betri ni nzito kama ndama aliyegoma, isingewafikisha mbali. Walipoona kundi la kanzu nyeupe linakuja, wakakimbia. Mnyororo ulikuwa mzima. Mguu wa benchi ulikuwa umekatika, na mkono wa breki pia.

Jioni mjomba aliugusa ule mkono wa breki, akamwita mama wa bima. Mama yule akaja, akaniuliza.

"Benchi ni kitu kisichohamishika?"

"Lilikuwa na wazee, mama."

"Wazee si sehemu ya jengo."

Bima haikulipa breki. Mjomba akatoa simu kumpigia jamaa wa sokoni, na mimi nikaanza kuiaga kimoyomoyo. Hapo mzee mmoja wa barazani akapiga hodi, amekuja kudai mguu wa benchi. Akasikia habari ya kuuza.

"Usiuze," akamwambia mjomba. "Ukiuza, huyu atapita mbali na sisi, na benchi nani atalitengeneza? Achimbie pete ya chuma kwenye ukuta wa baraza kwa zege. Na breki aitengeneze kwa jasho lake."

Mjomba alifikiri, akairudisha simu mfukoni. Nikapewa sharti: nitembee mpaka zege likauke na mama wa bima aridhike. Nikabeba ndoo za asali za mjomba mpaka breki na mguu wa benchi vikapata fundi. Mama wa bima alikuja, akakanyaga ukuta, akavuta ile pete kwa mikono miwili.

"Haya," akasema.

Wazee nao wakaona bora benchi lao lifungwe hapo hapo. Ufunguo ninao mimi. Juzi katikati ya kipindi cha Hisabati, bodaboda akatumwa shuleni kunifuata.

"Umefiwa na nani?" akauliza mwalimu wa nidhamu.

"Simjui, mwalimu. Wanataka benchi."

Nikaenda, nikalifungua, wakalibeba wakipewa pole za kweli. Baiskeli nikaifunga upya, nikavuta kufuli mara mbili, nikarudi darasani na betri yangu.