Mkono Niliouchomoa Gizani

Mtu akijisifia adabu zake mbele yenu, mwambieni kisa changu. Kwenye tamasha la taa hapa Mwanza, kando ya ziwa, nilisimamia duara la nguzo ambazo huwaka watu wakizizunguka na kushikana mikono. Mmoja akiachia, ni giza tupu.

Mke wangu alikuja na mama yake kutoka Kisesa. Kwetu Wasukuma, mwanamume hamshiki mkono mama mkwe wake, hata salamu ni ya mbali. Nikawatafutia viti, nikarudi kazini najiona mkwe wa mfano.

Duara likajaa, nikapita gizani nikiita na kuwaunganisha watu mikono, taa zikagoma. Kumbe kuna mama mmoja, sura siioni vizuri, kaficha mkono ndani ya khanga.

“We mama!” nikafoka kwenye kipaza sauti. “Huo mkono ni wa dhahabu?”

Umati ukacheka. Yeye akainama tu. Nikajipenyeza pembeni yake, nikauchomoa ule mkono, nikaubana.

Taa zote zikawaka. Mama mkwe wangu alikuwa analia.

“Alikutambua kwa sauti, ndiyo maana akauficha,” alisema mke wangu, aliyemshika mkono wa pili. “Nimekuita, Baba Kulwa, mpaka koo limekauka.”