Risasi za Udongo, Baruti ya Mgeni

Enzi zetu risasi ilikuwa ya udongo, na ilihitaji siku tatu kukauka. Nawaandikia ninyi mliokulia kambini kule Kigoma kama mimi, mnaojua harufu ya turubai jipya likipigwa na jua la saa sita, mnaokumbuka mahindi ya njano ya mgao ambayo hata kuku waliyatazama mara mbili kabla ya kuyadonoa. Leo tumetawanyika. Wengine tuko Louisville, wengine Columbus, wengine wamefika hadi Buffalo kwenye theluji ya kufunika magari, na watoto wetu wanadhani tulizaliwa tukiwa na funguo za gari mkononi. Wacheni niwakumbushe tulivyokuwa.

Tulikuwa watatu. Mimi Leonida, kaka yangu Nestori aliyenizidi miaka miwili, na Gideoni, mtoto wa Kikongo ambaye familia yao iliingia kambini na sufuria moja na redio isiyo na betri. Watoto wa Kirundi, yaani sisi, na wa Kikongo walikuwa na ugomvi wao wa kila siku pale bombani, nani ameweka ndoo mbele ya nani, lakini Gideoni tulimchukua awe wetu kwa sababu moja tu: alikuwa na mkono. Manati yetu ilikuwa na panda ya mti wa mpera na mpira wa ndani wa baiskeli, na pale pa kuwekea jiwe tulikata ulimi wa kiatu cha mtu ambaye sitamtaja hata leo. Mimi nikiuvuta mpira ule ulifika kidevuni. Nestori aliufikisha shavuni, uso umemvimba kwa kujikaza. Gideoni aliuvuta ukapita sikio, akatulia hapo hapo bila kutetemeka, na tukapata muda wa kubishana kama atapiga au hatapiga.

Kokoto za kambini hazikuwa na adabu. Zilikuwa na pembe, zilikwenda zilikotaka zenyewe. Kwa hiyo tulifinyanga za kwetu. Tulichimba udongo bondeni penye kijito, tukauviringisha viganjani, tukaanika vidonge juu ya turubai na kuvigeuza kama watu wanaoanika dagaa, kisha tukavifukia kwenye majivu ya moto chini ya mafiga ya mama. Ugomvi ulikuwa juu ya ukubwa. Nestori alitaka vya ukubwa wa yai la njiwa. Kidonge cha namna hiyo kilikwenda polepole na kuanguka mapema, lakini kikigonga kopo la mafuta la mgao mtaa mzima ulisikia, na Nestori tangu utoto anapenda mtaa mzima usikie. Mimi nilitaka vidogo kama gololi, vinavyonyooka. Gideoni hakushiriki ubishi. Alitumia chochote alichopewa, akapiga kopo, akauliza kama kuna ugali uliobaki.

Mama alikuwa na sheria moja tu. Alisema, "Ukimlenga mtu, hata kwa utani, leo hulali na shibe." Ndege hakuwakataza, labda kwa kuwa aliona hatuna matumaini ya kumpata hata mmoja. Lakini kwa mtu alikuwa mkali, na sote tulijua sababu. Alikuwa amezikimbia bunduki za kweli usiku wa manane akiwa na Nestori mgongoni na mimi tumboni. Hakulizungumzia hilo. Alitazama tu manati yetu, akatazama kopo, na akiona vimeelekeana alirudi kupepeta mchele wa wenyewe.

Watoto wa sasa hamjawaona? Binti yangu ana miaka kumi na tano. Anapiga risasi kwa kidole gumba akiwa amelala kwenye kochi, anakufa mara saba kabla ya chakula cha jioni, na kila akifa anafufuka na silaha bora kuliko ile ya kwanza. Nikimwambia kwamba sisi tulisubiri siku tatu risasi ikauke, ananijibu kwa Kiingereza kwamba tungeagiza tu. Kitu kinachokuja mlangoni ndani ya boksi hakimshangazi tena. Mimi kila boksi likigonga mlango bado nanyanyuka haraka kama mgao umefika.

Basi, wakubwa wenzangu, msinicheke. Mikono ile haikusahau. Nestori alipofika Columbus akapata nyumba Whitehall, kando ya mji, na kazi ghalani, mwenzake wa zamu alimpeleka uwanja wa shabaha. Alinipigia simu siku hiyo hiyo akiwa na sauti ya mtoto. Mwaka uliofuata nami nikaenda, na Gideoni akaendesha gari kutoka Lackawanna, kusini mwa Buffalo, saa tano barabarani. Najua mtasema nini. Wazazi wetu walikimbia bunduki, sisi tunalipia kiingilio ili tuzishike. Nami nimejiuliza hilo mara nyingi. Ninachoweza kusema ni kwamba tunapiga bamba la chuma na karatasi, hatujawahi kulenga chenye roho, na siku mbili hizo za kila kiangazi ndizo pekee ambazo sisi watatu tunakaa mahali pamoja. Zikiisha hizo, tunabaki na ujumbe wa sikukuu na picha za watoto waliotupita urefu.

Nestori alikuwa na rivolva ya 44 Magnum, ile bastola ya silinda yenye vyumba sita. Mimi nilikuwa na ya 45 Colt. Risasi za dukani ni ghali, na sisi si watu wa kununua kitu tunachoweza kukitengeneza, kwa hiyo tulianza kujaza wenyewe. Unaokota maganda ya shaba uliyokwisha kuyapiga, unayasafisha, unapachika fataki mpya ya kuwashia baruti kwenye kitako, unapima baruti, unakibana kichwa cha risasi juu yake kwa mashine ya mkono. Ila kila aina ya risasi inataka vifaa vyake na maganda yake, ndipo tukaamua kuchagua moja itutumikie sote. Hamtaamini, ule ubishi wa vidonge vya udongo ulirudi wote, tukiwa na mvi. Tulibishana kwa simu majira yote ya baridi. Mimi niliitetea 45: ni risasi ya kizamani, pana, haina haraka, inakusukuma mkono badala ya kukupiga kofi. Nestori alisema ganda lake ni kubwa mno, baruti kidogo inazama chini na mtu anaweza kumimina mara mbili asijue. Hapo alikuwa na hoja, nami sikumpa. Yeye alitaka 44. Ganda lake lina nguvu, unaweza kuijaza kwa upole au kwa ukali, inakwenda imenyooka. Hakutaja kelele, lakini namjua.

Kura ya Gideoni ndiyo iliyobaki. Alichagua 44. Nilifikiri anamfurahisha Nestori, kumbe alikuwa anatuficha kitu. Miaka kumi na mmoja kwenye kiwanda cha kufungasha nyama, mkono mmoja kwenye kisu tangu asubuhi, ilikuwa imemmaliza kifundo cha mkono. Vidole vilikufa ganzi akishika usukani. Lakini mtu aliyeuvuta mpira ukapita sikio angewezaje kuwa wa kwanza kuomba ile ya upole?

Kiangazi kile tulikutana uwanjani, nje ya Columbus, asubuhi ya Jumamosi yenye hewa nzuri. Nestori alikuwa amejaza risasi zote yeye mwenyewe, kwa kiwango cha wastani tulichokubaliana, na kuzipanga katika maboksi matatu yenye majina yetu. Mimi nilipiga sita zangu kwa bastola ya Nestori bila shida. Nestori akapiga zake. Gideoni alipopiga ya kwanza, bastola iliruka hadi usawa wa paji la uso. Ya pili, akakunja midomo. Baada ya ya tatu aliiweka mezani taratibu, mtutu ukielekea shabaha kama tunavyofundishwa, akaushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto. Hakuwa amelipata bamba hata mara moja.

"Bon, dada Leonida, miye naishia hapa," alisema. "Mukono iko inakatala. Mwaka ingine mutakuya nyinyi wawili."

Nestori alianza kuhesabu maganda ambayo hayakuhitaji kuhesabiwa. Mimi nilijua kwamba "nyinyi wawili" hakuna. Tungekutana mara moja, tungeangalia kiti kilicho wazi, mwaka wa pili mmoja wetu angepata zamu ya ziada kazini, na ingekuwa imekwisha. Gideoni alitembea hadi garini kutafuta barafu kwenye sanduku la vinywaji.

Nikaichukua bastola ili niitoe risasi tatu alizobakiza. Zilitoka vizuri, lakini yale maganda matatu yaliyopigwa yalikuwa yameng'ang'ania ndani ya silinda, ikabidi niyagonge yatoke. Ya kwangu yalikuwa yameanguka yenyewe. Ganda likishikilia namna hiyo maana yake ndani mlikuwa na moto kupita kiasi. Nilimwambia Nestori kwamba tunarudi kwake na hakuna atakayepiga hata moja tena. Mezani kwake, kabla hata ya chakula cha mchana, nikazifungua risasi nne kutoka boksi langu na nne kutoka la Gideoni kwa nyundo maalumu ya kung'olea vichwa vya risasi, nikamimina baruti kwenye mizani. Zangu zilikuwa sawa. Za Gideoni zote zilizidi, baadhi kidogo, mbili kwa namna iliyonifanya niketi chini.

Ndugu zangu, mnakumbuka mama zetu walivyouza karanga na chumvi kambini? Kopo lilijazwa, likasawazishwa kwa kiganja, halafu mkono ukarudi gunia ukaongeza kitu juu. Nyongeza. Bila nyongeza mteja aliondoka na habari zako. Nestori ndiye aliyempimia mama mbele ya kibanda, na alijulikana kwa nyongeza nene, hasa kwa mtu aliyetoka mbali. Sasa, miaka thelathini baadaye, alikuwa ameketi gerejini Whitehall na kijiko cha kupimia baruti, akasawazisha cha kwangu, akasawazisha cha kwake, na kila alipofika kwenye ganda la Gideoni vidole vyake vilirudi koponi vikachota kidogo.

Nilimuuliza kama amerukwa na akili. Alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Huyu ni mgeni, Leonida. Ameendesha saa tano. Nimpimie sawasawa kama mtu tusiyemjua?"

Nilimfokea. Nilimwambia kwamba baruti si karanga, kwamba angeweza kumpasulia rafiki yetu bastola usoni, kwamba kitabu cha kujazia risasi kimeandika kiwango kwa sababu. Nilikuwa na hasira na bado nikilikumbuka jambo hilo naingiwa na baridi. Nestori alisikiliza hadi mwisho, kisha akafunika uso kwa viganja. Gideoni, aliyekuwa ameketi sebuleni na barafu juu ya mkono, alikuwa amesikia yote. Alicheka hadi barafu ikaanguka, na kicheko chake ndicho kilichotuokoa sote siku ile.

Alasiri ile nilijaza upya, nikipima kila moja kwa mizani, Nestori akiwa amekatazwa kugusa kitu. Nikatumia 44 Special, ndugu mfupi wa Magnum anayeingia kwenye bastola ile ile na vifaa vile vile bila matata, na nikaweka kiwango kidogo kilicho ndani ya mipaka ya kitabu. Jumapili baada ya ibada tulirudi uwanjani. Gideoni aliinua mkono polepole. Mlio ulikuwa mdogo, Nestori akaona aibu kwa niaba ya bastola yake, na bamba likalia. Alipiga sita, akapata nne.

"Hii iko ya wazee," alisema, akifungua silinda. "Donc, tuko wazee."

Mwaka uliofuata alikuja, na uliofuata pia. Risasi najaza mimi, hapa South End, Louisville, baada ya kanisa. Kila mwaka kabla ya kiangazi Gideoni ananipigia simu. Hasemi neno juu ya mkono. Anauliza habari za watoto, anauliza habari za baruti, anakohoa kidogo, nami naelewa kwamba nipunguze. Kiasi nilichoanza nacho nimekwisha kukishusha mara mbili.

Lakini kitabu kina mstari wa chini kama kilivyo na wa juu. Ukiuvuka, baruti haina tena nguvu ya kukitoa kichwa, kinakwama katikati ya mtutu. Tulipokuwa wadogo hatukuujua mstari huo. Kila msimu wa mvua ulipopita tulikuwa tumeongezeka kimo na nguvu, mpira wa manati ukawa mfupi kwetu, tukaenda kuomba mwingine kwa fundi baiskeli, na mimi niliamini kwa moyo wote kwamba mtu huongezeka tu. Juzi nimejaza boksi la Gideoni la mwaka huu. Nimelinganisha na kitabu mara mbili. Imebaki nafasi ya kushusha mara moja tu, kisha ni ule mstari wa chini. Nestori sijamwambia, na Gideoni bado hajaniuliza.