Nilimsingizia Mama Mkwe Kutia Samaki Kwenye Mchicha Wangu

Jamani, kosa ni langu. Langu peke yangu, kwa hiyo msianze kumtafuta shetani. Naandika bila jina kwa sababu watu wa klabu yetu ya jogging midomo yao haina breki, lakini nikizidi kunyamaza nitapasuka.

Mie ni mama wa mtoto mmoja, karani, naishi Kinondoni. Nyama na samaki niliacha miaka mitatu iliyopita, kwa hiari yangu. Maziwa na mayai nilikuwa natumia. Mazoezi ndiyo usiseme: Jumamosi nakimbia na klabu mpaka Mbezi Beach, katikati ya wiki naruka kamba uani mpaka jirani anagonga ukuta. Nilikuwaga najiona! Ukikaa na mie dakika tano, ushahubiriwa kuhusu mboga za majani.

Mwaka jana vikanitoka vipele. Shingoni, mikononi, vinawasha kama nimepakwa upupu. Tumbo nalo limejaa gesi. Nikaenda kwa dada mmoja mtaalamu wa lishe. Akasema tutafute chakula kinachonisumbua: wiki chache niache maziwa, mayai, karanga, soya na ngano, halafu tuvirudishe kimoja kimoja tuone.

"Lakini wewe nyama huli, na unakimbia," akaniambia. "Choroko, kunde, maharage, mbaazi usiache hata siku moja. Hiyo ndiyo protini yako. Na baada ya wiki mbili uje nikuone."

Mjuaji mie! Nilipofika nyumbani nikaamua gesi inatoka kwenye maharage, dada wa watu hajui kitu. Nikafuta maharage na ndugu zake wote. Kliniki sikurudi. Nikabaki na wali, ndizi, mchicha, tango na parachichi. Mtu mzima anayekimbia vile, anakula kama sungura mgonjwa!

Wakati huo mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Tanga kukaa na mjukuu wake. Mama yule jikoni ni fundi. Alipoona nimekonda akanipikia choroko za nazi, nyumba nzima ikanukia.

"Kula mwanangu, miguu imekuwa kama mwiko."

"Asante mama, lakini mie niko kwenye programu."

Programu! Alinitazama, akafunika sufuria taratibu, akaenda zake kukaa barazani.

Vipele vilikauka, lakini haikuchukua muda mwili ukaanza kuisha nguvu. Kupanda ngazi za ofisini napumzika mara mbili. Nywele zinabaki kwenye kitana. Jumamosi moja tunakimbia, nikapitwa na mzee mmoja mwenye kitambi, na mzee mwenyewe alikuwa anatembea! Nikakaa chini pembeni ya barabara, nikalia.

Mwenzangu mmoja wa klabu akanihurumia, akanipa mfuko wa unga wa lishe anaosaga mwenyewe. "Kunywa uji wake kila asubuhi, nguvu zitarudi." Sikuuliza una nini ndani. Ni unga, si nyama, basi! Nikawa nakunywa kikombe kikubwa kila asubuhi, tena natembea nao ofisini. Nguvu zikarudi kidogo. Vipele vikarudi vyote, na vingine vipya hadi usoni.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga. Mie si nimeacha kila kitu? Nani anapika nyumbani? Mama mkwe. Basi ananitilia samaki kwenye mchicha, kwa sababu hapendi mambo yangu! Siku moja nikaonja mchicha, nikajishawishi kabisa kwamba nasikia harufu ya dagaa. Nikamfuata mume wangu sebuleni.

"Mama yako ananitilia dagaa kwenye mboga. Niangalie uso huu!"

"Mama? Kwa nini afanye hivyo?"

"Muulize mwenyewe!"

Hakukuwa na haja ya kumuuliza. Alikuwa mlangoni, ameshika bakuli la matunda. Aliliweka mezani.

"Mie nimepika tangu sijaolewa," alisema kwa sauti ya chini. "Hajatokea mtu kuniuliza nimemtilia nini."

Kesho yake asubuhi alifunga kanga zake, akarudi kwao Tanga. Mwanangu alimlilia bibi yake siku nzima. Na mie, Mungu anisamehe, nilijisikia mshindi.

Siku kumi baadaye nikaanguka bafuni, kizunguzungu. Mume wangu akanishika mkono kama mtoto mtoro, akanipeleka kwa yule dada wa lishe.

"Niambie kila kinachoingia mdomoni," dada akasema.

Nikataja. Wali, ndizi, mchicha, tango.

"Kunde? Maharage?"

"Niliacha."

Akafumba macho kidogo. "Na asubuhi?"

"Uji kidogo tu. Wa lishe."

"Uji wa nini?"

Mfuko nilikuwa nao kwenye pochi. Kuna karatasi imebandikwa nyuma, imeandikwa kwa kalamu, wala sikuwahi kuigeuza. Dada akaisoma kwa sauti: "Mahindi, ulezi, ngano, soya, karanga, maziwa ya unga, dagaa."

"Dagaa?" mume wangu akauliza.

"Dagaa."

Yalaaa! Karibu vyote nilivyokatazwa nilivikoroga kwenye kikombe kimoja, na samaki niliyemfukuzia mama wa watu nilikuwa namnywa mwenyewe kila siku, tena naongeza! Nilitamani sakafu ipasuke. Mume wangu hakucheka, hakugomba. Tulipotoka nje akampigia mama yake, akanipa simu tu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Nikamweleza yote.

"Kwa hiyo dagaa ulikuwa unawala wewe?"

"Ndiyo mama. Nisamehe."

"Nimekusamehe," akasema, akaomba azungumze na mwanawe.

Uji niliacha, choroko nikarudi kuzila kwa heshima, na vyakula tukavirudisha kimoja kimoja. Mbaya wangu ni karanga. Karanga tu! Miguu imepata nguvu, yule mzee wa kitambi sasa namwacha mbali.

Lakini Idd tulikwenda Tanga. Mama mkwe akaniita jikoni mbele ya mawifi zangu. "Njoo uone kabla hujala. Hizi mbaazi. Hili tui. Hii chumvi. Umeona samaki?" Mawifi wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mie nilicheka pia, machozi yananitoka. Kisha akawapakulia wote, sahani yangu akaniachia tupu nijipakulie mwenyewe.

Wenzangu mnaoacha nyama, mnaokimbia, mnaojichagulia cha kula na cha kuacha: mtaalamu akikwambia usiache kunde, usiache! Rudi akuone. Geuza mfuko usome. Na kabla hujamnyooshea kidole anayekupikia, chungulia kwanza kikombe chako mwenyewe. Vipele vyangu vilipona ndani ya mwezi mmoja. Mama mkwe nakwenda kumsalimia, ananikaribisha vizuri, ananiuliza habari za kazi, lakini mpaka leo hajanipakulia.