Mistari ya Salma, kama karafuu jamvini

Leo nimemwombea dua mtu niliyekuwa nikimwita msumbufu.

Asubuhi programu yetu ya tiketi za boti imegoma. Abiria wamejaa bandarini Wesha. Sehemu iliyogoma kaiandika mwenzangu Salma, na Salma yuko hospitali, uchungu umemshika!

Nikaifungua mwenyewe.

Jamani, mistari yake ya programu imepangwa vilevile kama yangu. Si ndiyo sheria yake aliyokuwa akinisumbua nayo kila siku? "Programu ianikwe kama karafuu. Ukiitandaza sawasawa, mbovu hujionesha." (Kwao Ole, kwenye mikarafuu, mtamwambia nini?)

Mstari mmoja tu ulikuwa nje ya safu. Nadhani alipouandika uchungu ulishaanza.

Nikaurudisha. Tiketi zikatoka. Nichekeni tu!

Nikampigia kumshukuru. Kapokea mama yake:

"Kajifungua salama, alhamdulillahi. Salamu nimempa. Anauliza, mistari umeiacha sawasawa?"