Kibanda Kisicho cha Msiba

Wanawake watatu waliingia uani kwangu wakilia kwa sauti, leso zimefungwa viunoni. Mmoja alibeba sukari, mwingine kuku aliyefungwa miguu. Yule wa mbele alijitupa chini kwenye mlango wa mama mkwe wangu akaanza kumsifu jinsi marehemu anavyosifiwa. Mimi nilikuwa nimesimama juu ya kiti, nikipanga majani ya migomba juu ya fito. Nikashuka polepole, maana magoti yangu hayapendi tena haraka.

"Pole sana, Mama," akasema mwenye kuku. "Tumeona kibanda kutoka barabarani. Amekwenda saa ngapi?"

"Nani?"

"Si Nyanya?"

Kabla sijajibu, sauti ikatoka ndani. "Nani amekufa huko nje?"

Kilio kikakatika. Aliyekuwa chini akainuka akijipangusa vumbi.

"Wanasema ni wewe, Mama," nikamwambia.

"Basi waulize kama wameleta sukari."

Siwalaumu majirani zangu. Huku kwetu, katikati ya Amukura na Malaba, kibanda cha miti na majani kikisimama ghafla uani kina maana moja: kuna msiba, na waombolezaji wanatafutiwa kivuli. Na wote walijua kwamba mama mkwe wangu alikuwa amelala kitandani tangu mvua za kwanza, kifua kikimsumbua. Wangedhani nini kingine?

Kibanda kile kilikuwa cha sikukuu. Sisi ni Wayahudi, nyumba chache tu upande huu wa mpaka, na ndugu zetu wengi wako ng'ambo, Uganda, upande wa Mbale. Kila mwaka, baada ya siku kuu ya toba, tunajenga kibanda na kula humo siku saba, kukumbuka baba zetu walivyokaa jangwani bila nyumba. Miaka yote tulikijenga nyuma ya sinagogi letu, chumba cha mabati tulichokodi Malaba, ambako sauti za malori hushindana na maombi yetu. Mwaka huo mwenye ploti aliamua kugeuza ule uwanja wa nyuma kuwa maegesho. Wenzetu wakaulizana tutajenga wapi. Nikasema, kwangu.

Lazima niseme kwa nini nilijibu upesi hivyo. Mimi sikuzaliwa katika dini hii. Nilizaliwa Budalang'i, na utotoni nilijua vibanda vingine. Mto Nzoia ulipovunja kingo, tulikimbilia mahali pa juu tukaishi chini ya matawi na magunia mpaka maji yaondoke. Nilivichukia vibanda. Nilipoolewa huku, sikukuu ya kwanza ilipofika na mume wangu akaanza kukata fito, nilikaa jikoni nikalia. Mama mkwe akanifuata. Hakunibembeleza. Aliketi juu ya kinu kilichopinduliwa akasema, "Binti yangu, kule kwenu mlikaa kibandani kwa lazima. Huku tunakaa kwa hiari, ili tusiwasahau waliokaa kwa lazima. Sasa wewe unajua kuliko sisi sote. Njoo utuonyeshe majani yanavyopangwa."

Siku hiyo nikawa mtu wa nyumba hii. Baadaye alinifundisha kuwasha mishumaa ya Sabato, na ng'ambo nikafundishwa kusoma Kiebrania, na sasa ni mimi ninayewafundisha watoto wetu baraka. Lakini mzizi wa yote ni yale maneno ya jikoni. Namshukuru Mungu kwa ajili yake kila asubuhi.

Habari za wale waombolezaji zilifika kwa shemeji yangu kabla ya kuku kufunguliwa miguu. Shemeji ni mdogo wa marehemu mume wangu. Alibatizwa akiwa shuleni, akawa mzee wa kanisa, na kwa kuwa kaka yake amekufa, yeye ndiye sauti ya ukoo. Alikuja jioni ile ile, akasimama mbali na kibanda kama mtu anayeogopa nyuki.

"Shemeji, hiki ni nini?"

"Unakijua. Umekulia ndani yake."

"Nakijua, lakini watu hawakijui. Mama ni mgonjwa, nawe unajenga kivuli cha matanga mlangoni pake? Unakiita kifo kwa mkono!"

"Kifo hakingoji kuitiwa majani, Shemeji."

"Usinifanyie mzaha. Kesho jioni nitarudi na vijana. Ama kibanda kiwe kimeshuka, ama namchukua Mama nikae naye kwangu. Hili ni boma la kaka yangu."

"Ndiyo, la kaka yako," nikasema. "Na mimi ndiye niliyemwosha alipougua. Karibu chai."

Hakunywa. Akaondoka. Kibanda ningeweza kukijenga tena mahali pengine, hata shambani. Lakini kumtoa Mama kitandani kwake, kumpeleka nyumba ambako hakuna ambaye angemwashia mshumaa wa Sabato, ambako angeombewa aokoke kutoka kwa imani aliyoibeba maisha yake yote, hilo sikuliweza. Na kwa desturi, shemeji alikuwa na haki. Mjane anaweza kukataa mengi, lakini si rahisi kumzuia mtoto wa kiume asimchukue mama yake.

Usiku niliomba. Asubuhi nikaendelea kuezeka.

Jirani mmoja, Mwislamu mwenye duka la vipuri pale mjini Busia, alipita akaona ninavyohangaika na mawingu yanavyojikusanya. Akaniambia ana turubai jipya, nilichukue bure. Nikamshukuru, nikamweleza kwamba paa lazima litokane na kitu kilichoota ardhini na kukatwa, na liwe wazi kiasi cha kuona nyota.

"Na mvua ikinyesha, Mama?"

"Inatunyeshea."

Alicheka mpaka akashika nguzo. "Mungu wenu hana mabati?"

"Anayo. Ndiyo tunayoyaacha kwa siku saba ili tumkumbuke."

Jua lilipoinama, wenzetu wakaanza kufika kutoka Malaba, wanawake na sufuria vichwani, wanaume na viti. Shemeji naye akafika, na vijana wa ukoo wenye mapanga, wameinamisha macho kwa sababu wengi wao nimewapikia uji wakiwa wadogo. Nikaweka meza katikati ya mlango wa kibanda nikasimama mbele yake. Sikuwa na mpango mwingine.

"Shemeji, ondoka hapo," akasema.

"Siondoki. Hiki kibanda kitabomolewa, nakuahidi. Sikukuu ikiisha nitakibomoa mwenyewe, maana ndivyo sheria yake ilivyo, hakikai. Lakini leo si siku yake."

"Basi tunamchukua Mama."

Hapo ndipo mama mkwe alipoita kutoka ndani. Sauti yake ilikuwa nyembamba, lakini kila mtu aliisikia. "Ni nani anayenichukua? Nichukueni basi. Nibebeni na kitanda."

Shemeji akaingia na vijana wawili, uso wake ukiwa wa mtu aliyeshinda. Wakatoka na kile kitanda cha kamba, bibi yule akiwa amejifunika blanketi, kitambaa cheupe kichwani. Walipoelekea njia ya barabarani akapiga ubavu wa kitanda kwa kiganja.

"Huko wapi? Nani amewaambia barabarani? Kibandani!"

Vijana wakasimama, wakamtazama shemeji.

"Mama," akasema, "watu watasema tumekuweka kwenye matanga yako ukiwa hai."

"Watu wameshakuja kunilia na sukari yao nimeinywa. Kaa kimya nikuambie kitu." Akapumua, akangoja kifua kitulie. "Kule Uganda, kabla hatujahamia huku, yule mtawala wa kijeshi alipopiga marufuku dini yetu, tulijenga kibanda katikati ya shamba la mtama. Wakiuliza, tulisema ni cha kufukuzia ndege. Ulikuwa unanyonya. Nilikula sikukuu nzima na wewe kifuani, nikipiga debe ili wasikie nafukuza ndege. Nilidanganya kwa ajili ya kibanda. Sasa niko Kenya, hakuna askari, na mwanangu mwenyewe ndiye anayekuja na panga?"

Kijana mmoja akaweka panga lake chini, nyuma ya mguu, kana kwamba hakuna atakayeliona.

Niliisogeza ile meza. Wakamwingiza. Tukambariki Mungu aliyetuweka hai na kutufikisha msimu huu, naye akaitika amina kabla yetu sote. Alikula viazi na supu kidogo, akalalamika kwamba chumvi haitoshi. Katikati ya chakula mvua ikaanza, matone makubwa yakipenya majani na kuanguka ndani ya supu yake. Shemeji alikuwa bado amesimama nje, analowa.

"Ingia," Mama akamwambia.

"Hata humo kunanyesha, Mama."

"Kwa hiyo unangoja nini huko?"

Hakuingia. Lakini alivua koti akalishika juu ya kichwa cha mama yake, kupitia upenyo wa fito za ukuta, mpaka tulipomrudisha ndani. Sitasema alibadilika. Hakubadilika. Sikukuu ilipoisha alipita kuhakikisha nakibomoa, nami nikamkabidhi fito azibebe nyuma ya jikoni.

Mama alifariki wakati wa kiangazi, kitandani kwake, mishumaa ya Sabato ikiwa imeisha yenyewe. Kwenye mazishi watu walikaa chini ya maturubai ya kukodi, na shemeji, akiongea kwa niaba ya ukoo, akasema mbele ya wote kwamba kuna kibanda kilichomwita mama yake.

Si kawaida mjane kumjibu mzee wa ukoo kaburini. Nikasimama.

"Ni kweli kilimwita," nikasema. "Kilimwita mezani. Akaja, akala, akakugombeza, akarudi kulala. Na mwaka huu kitawaita tena, kwa hiyo atakayekuja aje na njaa, asije na machozi."

Fito bado ziko nyuma ya jikoni. Juzi mwenye kuku aliniita kutoka upande wa pili wa ua akauliza kama tunajenga tena. Nikamwambia alete majani ya migomba, kuku amwache nyumbani.