Mikono Miwili kwenye Kipanya

Ualimu nilisomea, kompyuta sikusomea. Nilijifunza wiki sita tu Mbeya mjini, kwenye chumba kilichokuwa juu ya duka la mitumba, nikarudi nyumbani na cheti chenye muhuri. Ilikuwa ile miaka ambayo kila mwenye nyumba kubwa alikuwa anaigeuza shule, na muuguzi mmoja mstaafu alifungua ya kwake chini kidogo ya Tukuyu, kwenye njia ya Ikuti. Kompyuta alikuwa nayo moja, kaifunika kitambaa cha kufuma kama redio ya sebuleni. Mtu wa kuifundishia hakuwa naye, ndiyo maana akanichukua mimi, kwa majaribio ya muhula mmoja.

Masharti aliyasema wazi siku ya kwanza. "Siku ya wazazi, watoto wa chekechea waonyeshe vifaa vya kuingizia mbele ya watu. Wakiweza, kazi ni yako. Wasipoweza, mwalimu, tutaagana vizuri tu."

Nilikuwa na watoto wangu wawili, na mume alikuwa ameachishwa kazi kwenye kiwanda cha chai. Kazi hiyo niliitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu.

Basi nikaanza. Nikauliza, kifaa cha kuingizia ni kipi? Darasa zima likajibu: mlango. Nikasema hapana, cha kuingizia maneno ndani ya kompyuta. Mmoja akasema mdomo. Kibodi waliielewa haraka kwa sababu ilikuwa na herufi, ingawa walinisumbua wiki nzima wakitaka kujua nani kazivuruga na kwa nini a, e, i, o, u hazikukaa pamoja kama ubaoni. Nami sikujua. Niliwaambia ndivyo zilivyo, wakaniangalia kwa huruma.

Lakini kilichotaka kunitoa roho ni kipanya. Watoto wa kwetu wakipewa kitu na mkubwa hukunja goti kidogo na kupokea kwa mikono miwili. Hilo wanafundishwa kabla hawajajua kuvaa viatu. Sasa kila nilipomkabidhi mtoto kipanya, goti chini, viganja juu, kipanya kikainuliwa mpaka kifuani, na mshale kwenye kioo ukabaki palepale uliposimama. Nikisema weka mezani, anaweka, lakini mikono yote miwili inabaki juu yake kama anayezuia kifaranga kisitoroke. Kidole cha kubofya hakipo. Nikisema mkono mmoja, wanautoa mwingine, nikigeuka tu umerudi.

Nilikuwa nampigia mbuzi gitaa. Mvua haikatiki, umeme unakatika, na siku ya wazazi inakaribia. Nilianza kupiga kelele, mimi ambaye nilijiona mpole. Kulikuwa na binti mmoja mdogo, analelewa na bibi yake mwenye shamba la migomba, aliyemleta kila asubuhi akiwa amemfunika jani la mgomba kichwani. Huyo alikuwa mkaidi kuliko wote. Siku moja nilimchapa rula kwenye mkono wa kushoto. Hakulia. Aliuficha mgongoni, akafanya zoezi lote kwa mkono wa kulia, vizuri kabisa, nami nikajisemea: kumbe dawa yao ni hii.

Siku ya wazazi ilifika. Ukumbi ulijaa, wengine walikuwa wamekuja moja kwa moja kutoka kwenye mashamba ya chai na mabuti yao. Watoto walitaja kibodi, wakataja kipanya, wakapigiwa makofi. Halafu mwenye shule, ambaye alipenda kuonekana, akasimama, akachukua kipanya yeye mwenyewe na kumnyooshea yule binti.

Mtoto alinitazama. Nikamwonyesha kidole kimoja kwa siri: mkono mmoja. Akamtazama bibi yake, aliyekaa mstari wa mbele. Nilimwona anavyobanwa katikati yetu, na nitasema ukweli, sikumwonea huruma. Nilichowaza ni kazi yangu.

Akakunja goti. Akanyoosha mkono wa kulia peke yake, na kwa ule wa kushoto akajishika karibu na kiwiko, kama watu wazima wanavyofanya wanapopeana kitu na mkono mmoja una shughuli. Akapokea hivyo. Akakiweka kipanya mezani, mkono wa kushoto ukabaki pale pale kiwikoni, wa kulia ukasukuma, mshale ukaenda. Akabofya mara mbili. Picha ya nyumba ikafunguka, na ukumbi mzima ukapiga makofi.

Wiki tatu nilikuwa nimefoka, nimechapa, nimelala na hasira, na jambo lenyewe lilikuwa rahisi namna ile.

Baadaye, watu wakinywa chai, mwenye shule alinijia akitabasamu, akasema nipite ofisini tuandikiane mkataba. Kabla hajaondoka, yule bibi akafika na mjukuu wake kamshika gauni.

"Ndaga fijo, mwalimu," akanishukuru, ameinama. "Mimi nilikuwa na wasiwasi. Mtoto alikuja nyumbani akaniambia, bibi, shuleni mikono miwili wanatukataza. Nikasema basi, huyu namtoa. Kumbe ulikuwa unawatafutia njia. Umemfundisha vizuri sana."

Mwenye shule akatikisa kichwa kukubali. "Huyu mwalimu ana hekima," akasema.

Palikuwa na nafasi ya kusema kwamba njia aliitafuta mtoto mwenyewe. Neno lilifika mdomoni. Lakini mkataba ulikuwa haujaandikwa, na mwenye shule alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu.

"Asante, bibi," nikasema.

Binti aliinua uso akanitazama. Alijua, na alijua kwamba najua. Hakusema kitu, maana kwao alifundishwa pia kwamba mkubwa hasahihishwi mbele za watu.