Gunia Katika Tundu la Upepo

Katika chumba alimolelewa Kavinya, kule Huruma, Nairobi, taa huwashwa saa sita mchana. Dirisha lipo, tena lina pazia, lakini ukilifungua unakutana na ukuta wa jengo la jirani, karibu kiasi cha kuugusa kwa kiganja. Utotoni aliamini kwamba madirisha ya dunia nzima yalikuwa hivyo, kwamba kazi ya dirisha ni kukuonyesha ukuta wa mwenzio. Siku ya kwanza alipopelekwa Kangundo, kijijini kwa nyanya yake, alipanda kitandani akachungulia nje, akaona mlima, akarudi nyuma akauliza ni nani aliyebandika picha kubwa namna ile.

Kisa hicho baba yake, Ndete, hukisimulia hadi leo kwa kila mgeni anayekubali kuketi. Ndete ni mchonga vinyago. Mikono yake ina makovu madogo madogo kama maandishi, na sauti yake ni ya chini, sauti ya mtu aliyezoea kuzungumza na mti. Yeye humwita binti yake Mwaitu, yaani mama yangu kwa Kikamba, maana binti ndiye aliyerithi jina la mama mzazi wa Ndete. Na kwa kuwa mtu hamgombezi mama yake, Kavinya alikua bila kukemewa na baba. Aliulizwa maswali tu. Alipovunja sahani aliulizwa sahani ilikuwa imewekwa wapi. Alipofeli hesabu darasa la sita aliulizwa ni ipi iliyomshinda kwanza. Wenzake waliochapwa walimwonea wivu, bila kujua kwamba swali la Ndete lilikaa ndani ya mtu siku nyingi kuliko kiboko.

Alijifunza kuchora nyuma ya karatasi za msasa zilizochakaa, kwa penseli ya seremala. Alichora nyumba. Hazikuwa na milango wakati mwingine, wala paa, lakini madirisha yalikuwa tele, hata sakafuni. Hivyo alipoitwa chuo kikuu kusomea usanifu wa majengo, hakuna mtu aliyeshangaa isipokuwa mama yake, Wayua, aliyeuliza kama kuna watu wanaolipwa kwa kuchora tu.

Mwaka wa tatu, mwezi wa Januari, mhadhiri wao aliyeitwa Muturi aliwapa kazi ya mwaka. Kila mmoja achague jengo lililopo, ambamo watu wanaishi au wanafanya kazi, aliboreshe lisiwe na joto wala giza bila kutumia umeme, na kwa vifaa vinavyopatikana umbali wa kutembea kwa miguu. Wenzake walichagua maktaba, hoteli, benki. Kavinya alichagua chumba cha mabati huko Mukuru kwa Reuben, mtaa wa mabanda.

Chumba chenyewe kilikuwa cha Lydiah, ingawa ni nadra kusikia mtu akimwita hivyo. Ni Mama Eve kwa wote, mwanamke mnene mcheshi kutoka Murang'a, anayelea watoto wa akina mama wanaofanya vibarua kwenye viwanda vya Industrial Area. Wayua, anayeshona mashati katika kimojawapo, alimfahamu kupitia wenzake wa kazini. Saa kumi na mbili asubuhi watoto huletwa wakiwa wamefungwa mablanketi, na saa kumi na mbili jioni huchukuliwa. Kati ya saa hizo, watoto kumi na wanne huwa ndani ya sanduku la bati lisilo na dirisha. Kavinya mwenyewe aliwahi kuachwa katika chumba cha namna hiyo akiwa mdogo. Hakumkumbuka aliyemlea. Alikumbuka joto, na mstari mmoja wa mwanga uliopita kwenye tundu la msumari na kutembea polepole juu ya ukuta hadi mama arudi.

Alikaa pale Februari nzima. Alitundika vipimajoto vitatu, akaandika kila saa katika daftari. Saa nane mchana kipimo kilifika thelathini na saba. Watoto hawakulia saa hizo. Walilala midomo wazi, na ukimya huo ndio uliomuuma. Mama Eve alimtania kwamba yeye hahitaji mashine kujua kuna joto, ana kwapa.

Kavinya alisoma vitabu vyote alivyopata kuhusu majengo yanayopumua. Akajifunza kwamba hewa moto hupanda, kwamba ikipewa njia ya kutokea juu itavuta hewa baridi kutoka chini, na kwamba upepo wa Nairobi mara nyingi hutoka mashariki. Akakusanya mbao za paleti, vile vichanja vya mizigo vinavyotupwa na viwanda, na kwa msaada wa wanafunzi wawili akakata matundu matano makubwa chini ya paa upande wa mashariki, na mengine madogo karibu na sakafu upande wa pili. Akayazungushia fremu. Siku yalipokamilika, kipimo cha saa nane kilisoma thelathini na moja. Mwanga uliingia kwa michirizi mitano mipana, na Muse, mtoto wa miezi minane wa Kawsar muuza chai, alikaa katikati ya mchirizi mmoja akijaribu kuushika.

Muturi alikuja kuona. Hakuwa mtu wa kusifu ovyo, lakini alisimama chini ya yale matundu akiwa ameinua uso kama anayenawa, akasema kazi ile itawekwa mbele ya jopo la wasanifu mwezi wa Agosti, ya kwanza kabisa kuonyeshwa.

Jioni hiyo Kavinya alimweleza baba yake yote. Ndete alikuwa akipiga msasa shingo ya twiga. Alisikiliza mpaka mwisho, akapuliza vumbi, akauliza swali moja.

"Kimepita baridi, Mwaitu?"

Kavinya alijua swali linatoka wapi. Baba yake hauzi kinyago kabla hakijapita kiangazi na baridi. Hukiweka rafuni kwake, kimezungushiwa magazeti, mwaka mzima hata zaidi, kwa sababu mti huonyesha nyufa zake kwa majira unayoyataka wenyewe. Wachongaji wenzake humcheka kwamba vinyago vyake vitaota mizizi. Kavinya alitabasamu, akamwambia jengo si twiga.

Ikapita Machi, ikanyesha Aprili na Mei. Alikuwa na mitihani, hakwenda Mukuru. Alichora. Michoro yake ya matundu matano ilikuwa mizuri, yenye mishale ya buluu ya hewa inayoingia na myekundu ya hewa inayotoka, na wenzake walikuja mezani kwake kuitazama kama wanaotazama mtoto mchanga.

Wiki ya pili ya Julai alirudi kupiga picha za mwisho. Ilikuwa moja ya asubuhi zile ambazo Nairobi hujifunika wingu zito na kukataa kuamka. Aliingia, akainua kamera, kisha akaishusha. Chumba kilikuwa na giza. Kila tundu lilikuwa limezibwa kwa gunia lililosokomezwa kwa nguvu na kushindiliwa kwa vitambaa, na moja lilikuwa na sweta nzima ya mtoto.

Mama Eve alimwona anavyotazama juu, akaendelea kukoroga uji.

"Injinia," akasema, bila kicheko chake cha kawaida, "wewe ulikuja na jua, ukapima jua, ukaondoka na jua. Hawa watoto mimi ndiye nilibaki nao."

Kisha akamweleza. Upepo ulianza kuuma mwishoni mwa Mei. Watoto wakakohoa, mmoja baada ya mwingine. Muse alishikwa na homa ya mapafu, akalazwa siku nne, na Kawsar alifunga kibanda chake cha chai ili akae naye. Alikuwa amepona, yule pale, anakula kidole cha mguu. Lakini Mama Eve alikuwa amekata shauri. Mwisho wa mwezi angetafuta fundi apigilie mabati juu ya matundu yote, kwa misumari, yasifunguke tena.

Kavinya alihesabu. Jopo lilikuwa limebakiza wiki tatu. Alikuwa na kamera mkononi. Angeweza kuomba radhi, avute magunia kwa dakika mbili, apige picha, ayarudishe. Hakuna ambaye angejua. Alivuta kiti, akapanda, akachomoa gunia la kwanza. Upepo ukampiga usoni, baridi tupu, ukapita juu ya bega lake ukashuka. Aligeuka kuona unakoelekea. Ulikuwa umefika kwenye mkeka, na blanketi la Muse lilikuwa likitikisika ukingoni. Mtoto aliacha kidole chake akatazama juu, si kwa kulia, kwa kushangaa tu, kama anayeuliza.

Akalirudisha gunia. Akalishindilia vizuri kuliko alivyolikuta. Akashuka, akaomba apewe mpaka mwisho wa mwezi kabla ya misumari. Mama Eve alimtazama sana, akasema magunia hayaendi popote.

Nyumbani alimkuta Ndete akifungua magazeti kwenye kinyago cha mwaka jana. Alikaa chini bila kuvua viatu, akamwambia kwamba hakikupita baridi. Kwamba mtoto alilazwa. Kwamba alikuwa amejijengea madirisha yake mwenyewe, yale aliyoyakosa Huruma, kwenye ukuta wa watoto wa watu. Hayo ya mwisho yalimtoka kwa shida, na huenda hayakuwa yamemjia akilini mpaka alipoyasikia.

Baba hakumkumbusha kwamba alimwonya. Aliokota patasi, akaigeuzageuza.

"Hilo gunia," akauliza, "lilikuwa linafanya kazi gani?"

"Linaziba."

"Na Februari?"

Februari, gunia lingetolewa. Mama Eve alikuwa ameshachora sehemu iliyokosekana, kifuniko cha kufunga na kufungua, kwa kitu alichokuwa nacho.

Wakaanza kesho yake. Ndete alichonga vibao kumi na tano vya mbao za paleti, vitatu kwa kila tundu, vyenye vichwa vya mviringo pande zote mbili vinavyozunguka ndani ya fremu bila bawaba wala msumari, kazi ambayo fundi wa madirisha asingekuwa na subira nayo. Kila tundu likawekewa kamba, ivutwe na mtu aliyesimama chini akiwa amebeba mtoto, maana Kavinya alimtazama Mama Eve siku nzima na hakumwona hata mara moja akiwa na mikono miwili mitupu.

Vibao vilizuia upepo, lakini bati lenyewe lilibaki baridi kama sufuria iliyolala nje. Hapo Kavinya akarudi kwenye vitabu, na kwenye nyumba ya nyanya yake Kangundo. Ukuta mnene hushika joto la mchana ukalitoa polepole, na Februari hulichelewesha jua lisiingie. Aliamua kusimamisha paleti ndani ya ukuta wa magharibi na kushindilia udongo katikati yake, matundu madogo ya chini yakiachiwa nafasi. Alipowaeleza akina mama waliokuja jioni kuchukua watoto, kicheko kilitoka nje mpaka njiani.

"Sisi tulikimbia udongo ushago, kwetu kijijini," mmoja wao akasema, "na wewe unatufuata nao hapa na digrii."

"Udongo uwahi ungali maji," Mama Eve akadakia, akafunga leso kiunoni. Akaingia kukanyaga. Wengine wakavua viatu wakamfuata, wakibishana kati ya Wakamba na Wakikuyu ni nani anayejua kukanda, na Kawsar akawaamulia kwamba wote hawajui.

Kavinya alipima tena. Udongo ulipokauka, tofauti ilikuwa digrii tatu asubuhi. Hakuiongeza iwe nne. Katika daftari aliandika kwamba ukuta haujapita kiangazi, kwa hiyo hajui.

Siku ya jopo, Agosti, alibandika michoro yake kwenye ubao. Muturi alipofika kwake alisimama ghafla. Katikati, mahali palipopangiwa ile picha nzuri ya michirizi mitano ya mwanga, palining'inia gunia kuukuu la viazi, lenye vumbi na alama ya kidole cha uji. Chini yake kilikuwa kimebandikwa kipimo cha Februari na cha Julai, na jina la Muse, na siku nne za hospitali. Vile vibao na ule ukuta vilikuja baadaye, pembeni.

Mmoja wa wasanifu, mzee mwenye miwani mnyororoni, aliligusa gunia kwa ncha ya kalamu akauliza kama hilo ni kosa au ni mchoro.

"Ni mchoro wa Mama Eve," Kavinya akasema. "Wangu ni huo unaofuata. Niliunakili wake."

Yule mzee akaanza kuuliza, na maswali yake yalikuwa magumu, juu ya mchwa, juu ya mvua, juu ya nini kitatokea paleti zikioza. Mawili kati yake Kavinya hakuwa na jibu, akasema hana. Hakupewa nafasi ya kwanza; ilienda kwa maktaba. Lakini Muturi alimwomba ruhusa ya kulihifadhi lile gunia, awaonyeshe wanafunzi wa mwaka ujao kabla hawajagusa penseli.

Ruhusa haikuwa yake kuitoa. Jumatatu alikwenda Mukuru kuuliza, na Mama Eve akasema anataka gunia lake, viazi havikai hewani. Kavinya akalitoa mkobani. Kisha akatazama juu, kwa mazoea.

Vibao vya matundu mawili vilikuwa wazi, vya matatu vimefungwa. Alisimama akijaribu kuelewa. Upepo ulikuwa mmoja, jua lilikuwa moja. Akauliza.

"Hayo matatu yako juu ya jiko la mandazi la jirani," Mama Eve akasema, mtoto mkononi, kamba kwenye kidole. "Mpaka saa nne moshi wote huja huku. Saa nne akizima, mimi nafungua."

Kavinya akavuta kiti, akatoa daftari, akaketi kungoja saa nne.